Mwinuko, Mpando na Mshuko: Istilahi za Njia za Baiskeli Milimani

Kwa muda sasa sehemu yetu ya istilahi imekuwa ikipokea maombi ya aina ambayo zamani yalikuwa nadra. Wanaotuandikia si wahandisi wala si waganga, bali ni watu wanaotayarisha vijitabu na ramani kwa ajili ya wasafiri wa baiskeli: wale wanaotoka mjini kwa hiari yao, wakafuata barabara za milimani kwa siku mbili tatu, wakisimama hapa kwenye boma la zamani na pale kwenye makaburi ya watawala, kisha wakarejea nyumbani wamechoka na kufurahi. Maombi hayo yalizidi baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika mjini Kigali, tangu tarehe 21 hadi tarehe 28 Septemba, 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza ya namna yake kufanyika katika Afrika. Watangazaji na waandishi waliona kwamba hawana maneno ya kutosha; au, kwa kusema kweli zaidi, kwamba maneno wanayo, lakini neno moja linabebeshwa mizigo mingi mno.

Makala haya yanakusudia kueleza mzigo mmoja wapo, yaani ule uliobebeshwa neno "mwinuko", pamoja na mambo mengine yaliyojitokeza tulipokuwa tukijaribu kuutua. Msomaji asidhani kwamba ni jambo la kupimia maneno kwa mizani ya dukani. Mtu akikosea maana ya neno la mkutanoni, hasara yake ni aibu ya dakika moja. Mtu akikosea maana ya neno linaloeleza barabara ya mlimani, naye yuko juu ya magurudumu mawili membamba, anaweza kuishiwa na maji njiani, au kuvunjika shingo.

Kazi ilianza kwa kijitabu kimoja tulicholetewa tukihakiki kabla hakijapigwa chapa. Kinahusu njia ya baiskeli ya kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto, katika milima ya Usambara, pamoja na matawi yake ya kwenda Vuga, Irente na Mlalo. Kiliandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni, kisha kikafasiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye, kwa dalili zote, alikuwa na kamusi nzuri mezani lakini hakuwa na baiskeli. Hatumlaumu. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo mpaka wawili kati yetu walipofunga safari ya Mombo.

Njia yenyewe ni mfano mzuri sana kwa kazi yetu. Mombo iko chini, katika nyika, penye barabara kuu na penye reli ya Tanga ambayo ilifika hapo mwaka 1905. Mahali hapo pana kimo cha mita 400 na kidogo zaidi kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko katika kimo cha mita 1,400 hivi, na barabara ya lami inayounganisha miji hiyo miwili ina urefu wa kilomita 33 au karibu na hapo. Barabara hupanda ikijikunja kando ya bonde, mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili, hadi Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana ukiwa juu ya tandiko. Kisha huendelea kwa upole zaidi kati ya mashamba ya mboga hadi Lushoto. Wenyeji tangu zamani wametofautisha nchi yao ya juu, Shambaai, na nyika iliyo chini yake, na mwendesha baiskeli aliyeondoka Mombo kwenye joto la saa nne asubuhi huelewa tofauti hiyo bila ya kufundishwa.

Sasa tazama jinsi kijitabu kilivyoeleza. Kwanza, kilisema kwamba "mwinuko wa Lushoto ni mita 1,400". Pili, kilisema kwamba "mwinuko wa njia ni mita 1,000". Tatu, "mwinuko wa wastani ni asilimia 3". Na nne, "mwinuko wa kwanza huishia Soni, ambako msafiri anaweza kupata chai". Sentensi hizo nne zote ni sahihi kisarufi, na kila moja peke yake yaweza kutetewa. Lakini neno ni moja na dhana ni nne. Ya kwanza ni umbali wa mahali kwenda juu kutoka usawa wa bahari. Ya pili ni jumla ya mita anazozipanda msafiri kutoka alikoanza. Ya tatu ni uwiano, yaani barabara inapanda mita ngapi katika kila mita 100 za kwenda mbele. Ya nne si kipimo hata kidogo. Ni kipande cha barabara chenye mwanzo na mwisho.

Msafiri anazihitaji dhana zote nne, na kila moja kwa jambo lake. Ya kwanza humwambia achukue sweta, maana Lushoto mwezi wa Julai si Tanga. Ya pili humwambia abebe maji na chakula kiasi gani. Ya tatu humwambia kama miguu yake na gia alizonazo zitatosha. Ya nne humwambia avumilie mpaka wapi. Akichanganya ya kwanza na ya pili, basi anayetoka Soni kwenda Lushoto atadhani ana mita 1,400 mbele yake, akate tamaa bure. Na anayetoka Mombo, akisoma mahali pengine kwamba "mwinuko" wa Mombo ni mita 400, atadhani amekwisha kusaidiwa mita hizo 400 kabla hajakanyaga pedali.

Pale Mombo tulimkuta fundi wa baiskeli, mtu mzima, anayefanya kazi chini ya mti kando ya barabara. Baada ya kumwamkia na kukaribishwa benchi, tulimsomea sentensi ile ya pili, tukamwomba atuambie ameelewa nini. Aliendelea kuziba pancha yake kwa muda, kisha akauliza: "Sasa wanangu, hizo mita elfu moja ni za kupanda, au ni za kuwa juu?" Katika vikao vitatu vya kamati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameigawa dhana hiyo kwa ufupi namna hiyo. Za kupanda, au za kuwa juu. Tulirudi tukiwa na swali hilo, na mengi yanayofuata hapa ni jibu lake.

Kwa "za kuwa juu" tunapendekeza neno "kimo". Wapo waliotukumbusha kwamba kimo ni cha mtu, kwamba twasema kijana huyu ana kimo cha baba yake. Ni kweli, lakini neno hilo limekwisha kutumika katika hisabati kwa urefu wa kwenda juu wa pembetatu, na hakuna mwanafunzi aliyedhani kwamba pembetatu ni binadamu. Wengine walipendelea "urefu kutoka usawa wa bahari", ambao umo katika vitabu vingi vya jiografia. Maneno hayo hayana kosa katika kitabu cha jiografia. Katika kijitabu cha njia yana kosa, kwa sababu njia nayo ina urefu, kilomita 33, na kuyaweka maneno mawili "urefu" katika mstari mmoja yakiwa na maana mbili ni kurudi tulikotoka. Kimo cha Lushoto, urefu wa njia: hapo hakuna anayepotea.

Kwa "za kupanda" tunapendekeza "mpando", na pale zinapohesabiwa zote pamoja, "jumla ya mpando". Ubishi uliokuwepo hapa ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu kitenzi "panda" kina kazi nyingi. Twapanda mlima, twapanda baiskeli, na mashambani kandokando ya barabara hiyo watu wanapanda viazi. Mmoja wetu alitunga sentensi ya kutukejeli, ya mtu aliyepanda baiskeli akapanda mlima ili awaone wanaopanda viazi. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hata katika sentensi hiyo ya mzaha hakuna aliyeshindwa kuelewa. Hata hivyo kejeli yake ilitufaa kwa jambo moja: tunashauri kwamba mtu mwenyewe aitwe "mwendesha baiskeli" na si "mpanda baiskeli", ili kitenzi hicho kipumzishwe angalau mara moja.

Faida ya kutenga kimo na mpando huonekana vizuri zaidi katika habari za Kigali kuliko katika kijitabu cha Usambara. Mbio za wanaume za mwisho wa mashindano hayo, ambazo mshindi wake alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5 na jumla ya mpando wa mita 5,475. Waandikie wasomaji kwamba "mwinuko ulikuwa mita 5,475", nao watadhani kwamba waendeshaji walifika karibu na kilele cha Kilimanjaro, ambacho ni mita 5,895. Rwanda haina mahali hata pamoja panapofika kimo hicho. Kilele chake kirefu, Karisimbi, kina mita 4,507, na mji wa Kigali uko kwenye mita 1,500 hivi. Waendeshaji walizunguka katika vilima vile vile vya mjini na vya jirani, wakipanda na kushuka, wakipanda na kushuka, mpaka mita zote zikajumlika. Waliomaliza walikuwa 30 tu kati ya watu zaidi ya 160 walioanza. Mtangazaji asiyeweza kusema kwa neno moja kwa nini walichoka, hawezi kuwaeleza wasikilizaji wake lolote juu ya mbio hizo. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, hatuwezi kusema kwamba jambo hilo linatokea katika nyumba ya jirani.

Kwa uwiano tunapendekeza "mwinamo". Neno hili limo katika kamusi kwa maana ya hali ya kuinama au kulala upande, na lina sifa ambayo "mwinuko" haina: halisemi kama unakwenda juu au chini. Barabara yenye mwinamo wa asilimia 11 ni hiyo hiyo kwa anayepanda na kwa anayeshuka. Ndivyo ulivyo mwinamo wa kipande kifupi cha Kigali ambacho watangazaji wa kigeni walikiita kwa Kifaransa "mur", yaani ukuta: mita 400 hivi za mawe ya kutandika. Sisi hatukuona haja ya kubuni neno jingine. "Ukuta wa Kigali" unatosha, na kila aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mzigo anajua kwa nini barabara yaweza kuitwa ukuta.

Ipo tahadhari hapa kwa waandishi. Mwinamo wa wastani ni mdanganyifu. Njia ya Mombo hadi Lushoto, ukigawa mita 1,000 kwa kilomita 33, inapata wastani wa asilimia 3, nayo ni namba isiyomtisha mtu. Lakini sehemu kubwa ya mpando huo iko kabla ya Soni. Anayepewa wastani tu ataanza kwa nguvu ya asilimia 3 na kukutana na barabara isiyojua kwamba imefanyiwa hesabu ya kugawanya. Tunashauri mwinamo utajwe kwa kila kipande, na wastani wa njia nzima uachwe kwa wapenda takwimu.

Inabaki dhana ya nne, ile ya kipande cha barabara chenye mwanzo na mwisho. Hapo ndipo tulipojifunza kunyamaza. Tulikuwa tumekwisha kuandaa neno la kamati, lakini wananchi wana neno lao tangu zamani, nalo ni "mlima". Dereva anaposema Mlima Kitonga, katika barabara kuu ya kwenda Iringa, hakusudii kilele chochote. Anakusudia barabara inayopanda, na kona zake, na malori yanayokwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ndivyo ilivyo kwa Mlima Sekenke katika barabara ya kati ya Singida na Igunga. Fundi wa Mombo naye alisema, "Mlima unaanza ukitoka hapa mjini, unaishia Soni. Baada ya Soni kuna vilima tu." Kwa hiyo katika maelezo ya njia, "mlima" uachwe kwa maana hiyo, na mwandishi atakayeona shaka aandike "mlima wa barabara". Neno "mwinuko" nalo halifukuzwi. Libaki na kazi yake ya asili ya kutaja ardhi iliyoinuka, bila ya kupewa namba.

Tukafika kwenye kushuka, na hapa jambo ni la hatari zaidi. Kijitabu kilisema kwamba safari ya kurudi, kutoka Lushoto hadi Mombo, "ni mteremko mtupu". Mfasiri alikusudia kusema kwamba barabara inakwenda chini. Lakini katika Kiswahili cha kila siku mteremko ni pia jambo lisilo na taabu: maisha ya mteremko, pesa ya mteremko, mtihani uliokuwa mteremko. Msomaji anayeambiwa kwamba mbele yake kuna mteremko mtupu amekwisha kuambiwa, bila ya mwandishi kutaka, kwamba anaweza kulegea. Kumbe kwa mwendesha baiskeli ni kinyume kabisa. Kupanda humchosha mtu. Kushuka ndiko kunakomuua. Katika kushuka kwa muda mrefu, baiskeli yenye breki za raba zinazobana rimu hupata moto kwenye rimu hiyo kwa msuguano, na moto ukizidi mpira wa ndani waweza kupasuka wakati mtu yuko katika kona. Hii ndiyo sababu waendeshaji wenye uzoefu hawashikilii breki mfululizo, bali hubana na kuachia, hubana na kuachia, nao hupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza kwamba kipande cha barabara kinachoshuka kiitwe "mshuko", kiwe jozi ya "mpando". Neno hilo halina harufu ya urahisi; waumini wanalijua katika mshuko wa sala, na hakuna anayelihusisha na uvivu. Kijitabu sasa kinasema: mshuko mrefu, wenye kona nyingi, kuanzia Soni hadi Mombo, kagua breki zako Soni. Maneno ni machache kuliko ya kwanza na yanasema zaidi. Wataalamu wa kushuka tunao katika ulimwengu wa Kiswahili ambao hatujawauliza vya kutosha: wale wa Goma, katika Kongo, wanaoendesha chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kikiwa kimebeba magunia kutoka milimani. Watu hao bila ya shaka wana maneno ya kila namna ya kuserereka, kuegemea na kusimamisha, nasi tungefurahi kuyapata kabla hatujakaa kuyabuni.

Neno "gia" lilitupa tabu ambayo hatukuitazamia. Dereva mmoja wa lori tuliyezungumza naye Soni alituambia kwamba mlima ule unapandwa kwa gia nzito, akimaanisha ile ya nguvu na ya mwendo mdogo. Dakika chache baadaye kijana mwenye baiskeli alituambia kwamba mlima ule haupandiki kwa gia nzito. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kwa dereva uzito ni wa kazi inayofanywa na injini. Kwa kijana uzito ni wa pedali chini ya mguu wake. Katika maandishi ya baiskeli tumefuata mguu: "gia nyepesi" ni ya kupandia, "gia nzito" ni ya tambarare. Mwandishi anayeandika kibao cha barabarani kitakachosomwa na wote wawili afadhali asitumie hata moja kati ya hayo, bali aseme punguza mwendo.

Kuhusu baiskeli yenyewe hatukuwa na mengi ya kufanya, maana mafundi wamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Usukani, mnyororo, pedali, fremu, rimu, njiti, keria, pampu, waya wa breki: yote yapo, mengine ya Kiswahili asilia na mengine yaliyokopwa yakavalishwa nguo za hapa. Wenzetu wengine wanapenda kuyaondoa yaliyokopwa. Sisi hatuoni sababu ya kumnyang'anya fundi "pancha" yake. La kushangaza kidogo ni kwamba Wajerumani, ambao utawala wao ndio uliochonga barabara ya Mombo hadi Lushoto, walituachia "shule" na "hela" lakini jina la chombo hiki tulilichukua kutoka Kiingereza. Majirani walipita njia nyingine. Katika Kiswahili cha Kongo husikika "kinga", ambayo Kirundi inayo kwa sura ya "ikinga". Na Waganda huiita "eggaali", neno ambalo msomaji ataona mara moja kwamba ni gari letu limekwenda safari likarudi na tairi mbili pungufu. Kijitabu kitakachosomwa pande zote hizo kitumie "baiskeli", lakini mwandishi asishtuke akiulizwa kinga yake iko wapi.

Sasa mambo ya historia, ambayo ndiyo yanayoifanya njia hii iwe zaidi ya mazoezi ya miguu. Hapa mfasiri aliteleza vibaya kuliko kwenye mlima. Sura nzima aliipa jina "Maono ya Kihistoria", kama kwamba msafiri ataota ndoto njiani. Genge la Irente, karibu na Lushoto, ambako mtu husimama akaiona nyika ya Mazinde chini yake kama mita 1,000 hivi, aliliita "Mtazamo wa Irente". Mtazamo ni maoni. Msomaji ana haki ya kuuliza Irente ina mtazamo gani na juu ya nini. Tumeandika "genge la Irente, mahali pa kutazamia", na tunakiri kwamba ni maelezo, si istilahi.

Vuga ilitupa kazi kubwa zaidi. Ilikuwa makao ya watawala Wakilindi, ukoo ambao kwa masimulizi ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Mmisionari Krapf alifika huko mwaka 1848 kwa mtawala Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake ilienea mbali na milima hiyo na kwisha kwa kifo chake mwaka 1862. Habari za ukoo huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi, ambacho kimepita miaka mia moja sasa, na ambacho mwandishi yeyote wa vijitabu vya Usambara angepaswa kukisoma kabla ya kutafsiri vya wengine. Kijitabu chetu kilimwahidi msafiri "magofu ya Vuga". Gofu ni jengo la mawe lililobaki kuta: Kilwa Kisiwani ina magofu, Gedi ina magofu. Vuga haikujengwa kwa mawe. Msafiri atakayefika akitafuta kuta ataona hakuna kitu, apige picha moja ya kijiji, arudi akisema amedanganywa. Na mwenyeji atakayesikia mji wake unaitwa gofu, hali watu wanaishi humo, ataona ametukanwa. Hilo la pili lilitusumbua zaidi.

Kiswahili kina maneno mengine ya mahali palipokwisha kukaliwa. "Hame", au kwa wingi "mahame", ni mahali palipohamwa. "Ganjo" na "tongo" ni alama za mji au kijiji kilichoachwa. Maneno haya mazuri yamesahauliwa kabisa na waandishi wa utalii, nasi tunataka yarudi, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya bara haikuachwa katika mawe bali katika miti iliyopandwa, makaburi, na ardhi iliyokanyagwa. Lakini hata hayo hayaifai Vuga, ambayo haikuhamwa. Tumeandika "Vuga, mji wa kale wa enzi ya Wakilindi", na tumeongeza kwamba mgeni aombe ruhusa kwa wazee kabla ya kwenda penye makaburi.

Kwa majengo ya Lushoto, ambayo Wajerumani waliita Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao, mfasiri alitumia "ngome" kila mahali. Ngome ni ya vita, kama ile ya Wareno kule Mombasa. Nyumba alimokaa ofisa na makarani wake ni "boma", na neno hilo watu wanalo mpaka leo. Kadhalika alitumia "malikale" kwa majengo hayo na hata kwa kanisa la misheni ya Mlalo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1891. Malikale ni neno zuri, lakini lina sheria nyuma yake: Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka, na jengo lililojengwa baadaye haliingii kwa umri wake tu mpaka litangazwe. Msomaji anayeambiwa kwamba jengo ni malikale anaweza kudhani linalindwa, na hivyo asiseme neno anapoona bati linang'olewa. Tunashauri "jengo la historia" pale ambapo mwandishi hana hakika.

Maneno ya mbio tutayapitia upesi, kwa kuwa yatapata makala yake. Umati wa waendeshaji wanaokwenda pamoja tunauita "kundi". "Msafara" tunauhifadhi kwa ujumla wa waendeshaji, magari ya mafundi na pikipiki za waamuzi. Wanaojitenga mbele "wamechomoka", kama wasemavyo watangazaji wa mpira. Mwendeshaji ambaye kazi yake ni kumkinga kiongozi wake na upepo na kumletea maji bado hana jina. "Mpagazi" tulilikataa kwa sababu ya kumbukumbu zake, na "msindikizaji", ambalo lingefaa sana, limekwisha kuharibiwa na magazeti ya michezo, ambayo hulitumia kwa timu iliyokuja kukamilisha idadi. Tunangoja.

Jambo la mwisho hatukulimaliza, nalo ni kona. Katika barabara ya Soni ziko zile zinazogeuka nusu mduara, hata anayepanda akamwona anayemfuata uso kwa uso, chini yake. "Kona kali" haitoshi, kwa sababu kona yaweza kuwa kali bila ya kumrudisha mtu alikotoka. Kamati ilitoa mapendekezo matano, na hakuna hata moja lililopata kura tatu. Kijitabu kilizipa namba tu. Fundi wa Mombo, tulipomwonyesha, hakuzitambua kwa namba hizo. Alianza kuzitaja kutoka chini kwenda juu kwa majina, moja kwa mti uliokuwepo, nyingine kwa lori la kabichi lililopinduka alipokuwa kijana, nyingine kwa mama aliyekuwa akiuza ndizi hapo na ambaye amekwisha kufariki. Tuliandika majina kumi na moja kabla mteja hajaja na gurudumu lililopinda. Majina hayo tumeyaingiza katika kijitabu mahali pa namba. Jina la aina ya kona yenyewe bado tunalitafuta, na msomaji yeyote mwenye neno linalotumika kwao, hasa katika Uluguru, Upare, Kigezi au Kivu, anaombwa atuletee pamoja na jina la mahali alipolisikia.